Dini zetu si sawa, na tunaishi pamoja

Mhariri,

Msomaji wako aliyeandika kwamba amani itadumu tukikubali kuwa dini zote ni sawa ana nia njema, lakini siwezi kumwitikia. Mimi ni Mlutheri, kazi yangu kupika kwenye shughuli za watu hapa Mbagala. Nasadiki kuwa Yesu ni Mwana wa Mungu. Muislamu ninayepika naye anasadiki kuwa Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Hapo mmoja wetu amekosea. Anayetuambia kwamba tunasema jambo lilelile hajamsikiliza hata mmoja wetu.

Mbuzi na kuku wa shughuli nampa Muislamu achinje, hata harusi ikiwa ya kanisani, maana waalikwa ni mchanganyiko. Siamini kwamba kisomo chake kinaibadili nyama. Mgeni wangu anaamini, nami sitampakulia kitu ambacho akijua atakosa usingizi. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba chakula kikimkwaza ndugu yake, yuko radhi asile nyama kabisa. Alikuwa akisema juu ya waumini wenzake. Kwangu jirani naye yumo. Ukinitaka kwanza niilegeze imani yangu ndipo nimvumilie mwenzangu, umeniondolea sababu yenyewe ya kumvumilia.

Oktoba 2012 makanisa yalichomwa hapahapa Mbagala, baada ya mtoto kuikojolea Kurani katika ubishi na mwenzake. Mtoto alikuwa ameshafikishwa polisi, na bado watu wakaenda kumdai. Wako wanaosema chanzo ni watu kushika dini mno. Sikubali. Waislamu waliobaki majumbani mwao siku ile nao waliamini kuwa Kurani ni neno la Mungu, na iliwauma. Kilichowatofautisha na wachomaji ni kwamba hawakujitwalia hukumu.

Ibara ya 19 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa kuchagua dini na hata kuibadilisha. Zingekuwa sawa zote, mtu angebadilisha nini?

Ninachoomba ni kwamba walimu wa vipindi vya dini shuleni wasiwafiche watoto tofauti hizi. Mjukuu wangu aelezwe vizuri kwa nini mwenzake hali mchana wa Ramadhani, na huyo mwenzake aelezwe kwa nini sisi tunakwenda mezani kwa Bwana. Wakitaka kubishana wabishane, ila asiwepo wa kumtukania mwenzake kitabu chake.

Mpishi wa shughuli,
Mbagala, Dar es Salaam