Kikao cha Jumamosi: Hercules na Diana

Habari zenu wapendwa,

Kikao chetu cha Jumamosi cha kutazama picha kimehamia kwangu hapa Haarlem, Uholanzi, saa 8 mchana badala ya saa 10. Ni mji aliofanyia kazi Goltzius, msanii wa picha za kuchapwa wa karne ya 16, kwa hiyo mahali panafaa kabisa.

1. Tazameni kwanza picha yake ya Hercules, shujaa wa hadithi za kale, ya 1589, iliyochongwa kwenye bamba la shaba ili ichapwe. Misuli imevimba mwili mzima! Jiulizeni mwanamume alitarajiwa aonekaneje.

2. Kisha Diana wa Rembrandt, mchoraji Mholanzi, wa mnamo 1631. Ni mungu wa kike wa uwindaji wa Warumi, ila tumbo ni la mwanamke yeyote wa mtaani. Mwaka 1681 mshairi Andries Pels aliwalaumu wanawake wa Rembrandt kwa matiti yaliyolegea na alama za kamba za nguo tumboni. Mimi alama hizo ndizo zinazonigusa, na hapo tutakaa sana.

3. Mchango ni euro 5, za chai na kuchapisha picha.

Nani ataleta maandazi?

Tafadhali kila mmoja aandike "Nipo" au "Sipo" na atume mchango kabla ya Alhamisi usiku, nipange viti.

Asanteni sana.