Malalamiko yetu kuhusu systemd yanaishia kijiweni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme na mafundi wenzangu wa kompyuta wa jiji hili, hasa sisi tunaotunza mashine za Linux (mfumo huria wa kuendeshea kompyuta) madukani, mashuleni na kwenye ofisi ndogondogo. Zaidi ya miaka kumi sasa tunainung'unikia systemd, ile programu inayoamka ya kwanza mashine inapowaka na kuziamsha nyingine zote. Tunanung'unika Kariakoo, tunanung'unika Mwenge, na kwenye magrupu ya WhatsApp ndiyo usiseme. Lakini katika miaka yote hiyo sijakutana na fundi wa Dar es Salaam aliyeniambia kwamba alikaa chini, akaandika tatizo lake na kulituma kwa wenye kuitengeneza. Mimi mwenyewe sikufanya hivyo, na nataka kueleza kwa nini najuta.

Mwaka 2016 nilikuwa natunza seva ya duka moja la jumla la vifaa vya ujenzi. Ilikuwa inatumia Debian, moja ya aina za Linux; nilikuwa nimeitoa kwenye Debian 7 na kuipandisha Debian 8, toleo la Aprili 2015 lililoacha utaratibu wa zamani wa skripti (faili za amri za kuwashia mashine) na kuingia kwenye systemd. Wiki kadhaa zikapita salama. Usiku mmoja umeme ukakatika, betri ya UPS ikaisha, na asubuhi mashine ikagoma kuwaka. Ilisubiri sekunde 90 ikitafuta diski ya nje ya bakapu, ambayo kijana wa stoo alikuwa ameichomoa na kuifungia kabatini ili isiibiwe. Haikuiona. Ikasimama pale pale, ikadai nenosiri la msimamizi. Mimi nilikuwa Mbagala kwenye kazi nyingine, na kwa foleni za siku ile nilifika dukani saa sita mchana. Nilimkuta mhasibu anaandika risiti kwa mkono na malori mawili ya wateja kutoka Morogoro bado yanasubiri kupakiwa. Mzee mwenye duka hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, si ulisema hii mpya ni bora zaidi?"

Utaratibu wa zamani ungelalamika kwamba diski haionekani, kisha ungeendelea kuwasha mashine. Huu mpya unahesabu kila diski iliyoandikwa kwenye fstab, faili lenye orodha ya diski za mashine, kuwa ya lazima, mpaka wewe mwenyewe uuambie kwamba si ya lazima. Dawa yake ni neno moja la herufi sita, nofail, kwenye mstari wa diski ile. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba watu wa Debian walikuwa wameonya waziwazi, kwenye maelezo yanayoambatana na toleo lile. Yako kwa Kiingereza, ni marefu, na sikuyasoma. Lawama hiyo ni yangu.

Sisemi haya ili kuikataa systemd. Lennart Poettering, mwanzilishi wake, alipoitangaza mwaka 2010, utaratibu wa skripti ulikuwa umechoka kweli. Aliyewahi kuandika skripti ya kuwashia huduma, mistari mia na ushee ili tu programu moja iwake na kuzimika, anajua ninachosema. Leo kazi hiyo unaifanya kwa mistari kumi. Huduma ikifa, unaweza kuiagiza systemd iifufue yenyewe, na katika jiji ambalo umeme unakatika bila taarifa hilo ni jambo kubwa mno. Watengenezaji wa aina nyingine za Linux waliichukua mmoja mmoja: Fedora mwaka 2011, Arch mwaka 2012, Red Hat kwenye toleo la 7 mwaka 2014. Debian walivutana sana: Februari 2014 kura za kamati yao ya ufundi zililingana, na uamuzi ukapatikana kwa kura ya mwenyekiti. Ubuntu, Linux nyingine iliyojengwa juu ya Debian, waliokuwa na programu yao wenyewe ya kuwashia mashine iitwayo Upstart, wakatangaza siku chache baadaye kwamba watafuata njia hiyo hiyo. Walioshindwa kukubali walijitenga mwaka huo huo na kuanzisha Devuan, yaani Debian isiyo na systemd, ambayo ipo mpaka leo.

Katika mvutano ule yalisemwa mengi mabaya. Poettering mwenyewe alieleza mwaka 2014 jinsi alivyotukanwa na hata kutishiwa. Matusi yale hayakumsaidia mtumiaji yeyote, na naona aibu kwamba nami niliwahi kucheka niliposomewa baadhi yake kijiweni.

Sasa linganisha na kilichotokea Mei 2016. Toleo la 230 la systemd lilikuja na chaguo-msingi jipya, yaani tabia ya programu kabla hujaibadilisha: mtumiaji akitoka kwenye mashine, kila kazi aliyoiacha ikiendelea nyuma inauawa. Fundi anayeingia kwenye seva kwa mbali, akaanzisha kunakili data usiku kucha ndani ya screen au tmux, programu zinazoiacha kazi iendelee hata ukitoka, kisha akatoka kwenda kulala, angekuta asubuhi kazi imekatwa. Watumiaji wa Debian hawakuishia kununa. Waliandika ripoti, wakaeleza kazi zao zinavyokwenda na nini kitaharibika, na baada ya muda mfupi Debian wakalizima chaguo hilo kwenye vifurushi vyao. Wenzetu wengi hupenda kusema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Mwaka ule zilimzuia.

Kisingizio ninachokisikia mara nyingi ni lugha. Nakielewa, lakini hakitoshi. Ripoti nzuri ni fupi: toleo gani, ulifanya nini, ulitegemea nini, ukaona nini, na nakala ya ujumbe wa kosa. Kwenye Debian huhitaji hata kufungua akaunti; ripoti inakwenda kwa barua pepe, na ipo programu ya reportbug inayokuuliza swali moja moja mpaka unamaliza. Kiingereza cha fundi wa Kariakoo anayesoma maelezo ya bodi-mama kila siku kinatosha kabisa. Na tusisahau kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndicho kilichokuwa makao ya mradi wa Kilinux, uliotupatia Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Jiji hili limewahi kuchangia programu huria kwa mikono yake.

Wenye kutengeneza programu hizi hawajui kwamba kwetu umeme hukatika na diski ya bakapu hufungiwa kabatini. Watajuaje? Anayechagua jinsi mashine itakavyofanya kabla hujaigusa anachagua kwa mazingira anayoyaona yeye, na mazingira yetu hayaoni kwa sababu hatumwambii.

Kwa upande wako, Mhariri, nina ombi. Ukurasa wako wa teknolojia hutuletea simu mpya kila wiki. Tupatie nafasi ndogo mara moja kwa mwezi ya kutafsiri maonyo ya matoleo mapya kwa Kiswahili. Niko tayari kuyaandika bila malipo, na naanza sasa hivi. Anayepandisha mashine kwenda Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, ajue kwamba /tmp, saraka ya faili za muda, sasa inakaa kwenye RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine), na inaweza kumeza hadi nusu yake. Kwenye mashine ya GB 2 inayochapisha ripoti kubwa, hilo mtaliona haraka. Ukitaka irudi kwenye diski kama zamani, andika systemctl mask tmp.mount kisha uwashe mashine upya. Na aliyezoea kutafuta makosa kwenye /var/log/syslog asishtuke asipoliona faili hilo: tangu Debian 12, kwenye mashine iliyosakinishwa upya haliwekwi tena mpaka usakinishe mwenyewe rsyslog, programu inayoliandika, na taarifa za mfumo zinasomwa kwa amri ya journalctl.

Kabla ya kupandisha, fungueni fstab muangalie diski zote za nje kama zina nofail.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi kompyuta,
Sinza, Dar es Salaam