Wanafunzi wa Mombasa nao wachimbe historia yao

Mhariri,

Kila msingi unapochimbwa kisiwani Mombasa, vigae vya vyungu na vipande vya kauri ya Kichina hutoka pamoja na mchanga. Juzi Kibokoni nimeona lori likiuzoa na kwenda kuumwaga. Kipande kimoja kilichobaki njiani kilikuwa cha mdomo wa chungu, kimetiwa nakshi kwa ukucha, na masizi bado yamekishika upande wa nje. Aliyekipikia hatutamjua tena. Kigae kikishang'olewa bila kuandikwa kilikaa kina gani, na pamoja na nini, habari zake nyingi zimekwenda.

Nawaomba walimu wakuu, Makavazi ya Kitaifa na serikali ya kaunti waandae uchimbaji wa kiakiolojia utakaowashirikisha wanafunzi na wakaazi. Fort Jesus watoto wetu hupelekwa, na wanajua Wareno walianza kuijenga 1593. Lakini Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipopita hapa 1331 alikuta mji wenye misikiti ya mbao, watu wakila ndizi na samaki. Majiko na majaa ya watu hao hayana tikiti wala kibao.

Wapo wanaohofia kwamba watoto wataharibu. Hofu hiyo ni ya haki, na Sheria ya Makavazi na Urithi ya 2006 hairuhusu mtu kujichimbia bila leseni. Basi wataalamu wasimamie. Shimo la mita moja kwa mita moja huzungushiwa kamba, likateremshwa sentimita kumi kumi kwa mwiko, si kwa jembe; mchanga wote ukachekechwa, na kila mfuko ukaandikwa tabaka lake. Mwanafunzi wa gredi ya nane hashindwi kuchekecha, kuosha vigae kwa mswaki na kujaza daftari. Tena waitwe mabibi zetu waliopikia vyungu. Wao watatambua mkungu au kikaango kabla mgeni mwenye shahada hajafungua kitabu.

Viwanja vya shule ndipo pa kuanzia, kabla madarasa ya ghorofa hayajawekewa msingi. Likizo ya Agosti yatosha kwa shimo la kwanza. Vitakavyopatikana viandikishwe Makavazi, ila kwanza vitandazwe mezani shuleni, wazazi waje waelezwe na watoto wenyewe.

Mzazi,
Kuze, Mombasa