Mtu wa sifa asipandishwe ulingoni

Mhariri,

Katika vibanda umiza vya Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma, ubishi ni uleule: mieleka ya Marekani ni ya kweli au ya kupangwa? Mshindi hupangwa, hilo limekwisha. Kinachotusumbua ni vijana wanaotoka pale wakiamini kwamba kilichopangwa hakiumizi, wakashuka ufukweni Kibirizi kubwagana. Turubai la ulingoni limelala juu ya sponji nyembamba, chini yake mbao na vyuma, na mbao zile hunesa. Mchanga uliolowa haunesi. Hata hivyo, kinachovunja watu zaidi si sakafu, ni kiburi.

Chukua mbwago wa kawaida, ule wa kumpindua mtu juu chini kwa nyuma. Mbebaji huweka kichwa cha mwenzake kwapani, huutupia mkono wa mwenzake begani kwake na kumshika bukta kiunoni. Makofi yote hupigiwa yeye. Kumbe nusu ya kazi iko kwa anayebebwa: akunje magoti, aruke wakati uleule, akaze tumbo na kunyoosha miguu juu. Akishuka, kidevu kiwe kifuani, pumzi itoke, mgongo wa juu ufike wote kwa mpigo na viganja vipige turubai pembeni. Asitangulize mkono nyuma, maana kifundo au kiwiko ndicho kitakachopokea uzito wote. Sasa mtu wa sifa, hasa akiambiwa leo ni zamu yake kushindwa, hujilegeza kama gunia la muhogo ili mwenzake aonekane hana nguvu. Akiwa na kilo 90, kiuno cha mbebaji kinaweza kuumia palepale, au wote wawili wakwame nusu njia na anayebebwa ashukie kisogo. Mara nyingi aliyegoma ndiye anayeumia, na hilo watu wa sifa huwa hawalipigii hesabu.

Kuna kiburi kingine, cha kimyakimya: kupigwa usionyeshe maumivu. Kofi la kifuani limelia, mtu anatabasamu. Mwenzake anaona anaumbuliwa mbele za watu. La pili analiongezea nguvu, la tatu linakuwa la kweli, nalo linarudishwa. Hapo mpango umekufa, ingawa watazamaji wanashangilia kuliko mwanzo.

Hata huko kwenye mabingwa imetokea. Tarehe 19 Novemba 1987, katika ukumbi wa Korakuen jijini Tokyo, mwanamieleka Akira Maeda alimpiga mwenzake Riki Choshu teke la uso wakati Choshu ameshughulika na miguu ya mtu mwingine, hana mikono ya kujikinga. Mfupa wa tundu la jicho ukavunjika. Maeda alifukuzwa na kampuni yake, New Japan, lakini mwaka 1988 akaifufua kampuni ya mieleka ya UWF na mashabiki wakamfuata kwa wingi. Ubabe unauza, tusidanganyane. Ukumbini humohumo, tarehe 22 Februari 2015, mwanamieleka wa kike Yoshiko alimshushia mwenzake Act Yasukawa ngumi za kweli mpaka akamvunja mifupa ya shavu, pua na tundu la jicho. Taulo la kusimamisha pambano liliporushwa, uso wa Yasukawa ulikuwa umeshavimba.

Anayetaka kuandaa maonyesho hapa Kigoma asianze kwa kutafuta vijana wenye vifua. Wiki za mwanzo zote ziwe za kuanguka tu: kutoka kuchuchumaa, kisha kusimama, kisha kubebwa. Anayeona haya kuangushwa mbele ya wenzake aondolewe mapema, hata awe pande la mtu. Mitindo ya kumning'iniza mtu kichwa chini na kushuka naye kwa kukaa ifutwe kabisa. Ndiyo iliyomwumiza shingo mwanamieleka Steve Austin mwaka 1997 mikononi mwa mpinzani wake Owen Hart, na wale walikuwa mafundi waliobobea.

Mwamuzi naye asiwe rafiki wa mwandaaji aliyekosa kazi siku hiyo. Yeye ndiye anayepitisha maneno kati ya wapiganaji. Mtu akilala asiinuke, mwamuzi amshike mkono. Mwamuzi akibanwa kiganja, aliyelala yupo sawa. Asipobanwa, apishanishe mikono yake juu ya kichwa na pambano liishe palepale, awe ameshinda aliyepangwa au hakushinda. Aliyeumia shingo asikalishwe, na kwa hali yoyote asipakiwe kwenye bodaboda.

Halafu pesa. Anayeshindwa alipwe sawa na anayeshinda, na kiasi kitajwe kabla hawajavaa bukta. Mtu aliyeambiwa atapata kidogo kwa sababu leo ni wa kupigwa hupanda ulingoni ameshanuna, na hasira hiyo haimfikii mwandaaji aliyekaa mlangoni na tiketi. Inamfikia mwenzake aliyempa shingo yake aishike.

Wakufunzi wa mieleka,
Ujiji, Kigoma