Timu ya chuo isivunjwe kwa sababu ya kuvuta mkia

Mhariri,

Kuna msomaji wako aliyeandika kwamba timu ya kandanda ya chuo anachosoma mwanangu ivunjwe, kwa kuwa imemaliza ligi ya kaunti ikivuta mkia na kukitia chuo aibu. Nasikia bodi nayo italijadili jambo hilo kabla ya muhula wa Januari. Naomba nafasi nimjibu, maana golikipa aliyefungwa mabao yote yale ni mwanangu, na jezi zao nazishona mimi hapa Majengo.

Sikatai kwamba walifungwa. Walifungwa nyumbani, wakafungwa Changamwe, wakafungwa Likoni, na Mikindani walilimwa sita mvua ikinyesha. Wanangu wale walirudi kimya garini, na mimi niliumia kama mzazi yeyote. Lakini anayesema vijana hawana bidii hakuwaona, na kama aliwaona, aliwaona siku moja.

Msimu ulipoanza niliwapima mmoja mmoja. Mwenye nambari 9 alikuwa barobaro mpana wa mabega, mwanafunzi wa umeme, ikabidi niiachie jezi yake mishono ya ubavuni. Mwezi Mei jezi ile ile ililetwa tena niipunguze. Mwenyewe alikuwa amepelekwa Voi kwa mafunzo ya kazini, miezi mitatu, na mahali pake pamewekwa kijana mwembamba wa mwaka wa kwanza ambaye maisha yake yote amecheza beki. Wiki hiyo hiyo zikaja nambari 4, 6 na 11. Nahodha mwenyewe, nguzo ya ulinzi, alikuwa amepata gereji ya kujifunzia Malindi. Kufikia Juni, katika kumi na mmoja walioanza mechi ya kwanza, waliosalia walikuwa wanne, na mmoja wao ni mwanangu.

Kilichoizamisha timu ni kalenda. Ligi inachezwa wikendi baada ya wikendi na haimngoji mtu. Chuo kinafunga Aprili, kinafunga Agosti, na Julai ni mitihani. Likizo ikifika, huyu anakwenda kwao Taveta, yule Lamu, yule Lunga Lunga, na hakuna anayewapa nauli ya kurudi kucheza Jumamosi moja. Agosti waliingia uwanjani wakiwa tisa. Sheria za mpira zinaruhusu timu kuanza mradi wachezaji wasipungue saba, basi wakaanza. Kufikia mapumziko ilikuwa sare ya bila kwa bila! Kipindi cha pili miguu ikakataa, wakafungwa mbili. Mwanangu alidaka siku ile kidole kimevimba, kwa sababu golikipa wa pili alikuwa kwao Mwatate. Siku hiyo ndiyo iliyohesabiwa na msomaji wako kuwa aibu. Mimi sijawahi kuwaonea fahari kama siku ile.

Pia aulize mazoezi yanafanyika wapi. Tangu ujenzi wa madarasa mapya uanze, nusu ya uwanja imerundikwa mchanga na kokoto. Kocha wao ni mwalimu wa ufundi wa mabomba, hafundishi mpira kwa malipo, na masomo yakiisha saa kumi na moja jioni wanabakiwa na saa moja na ushei kabla ya giza, kwenye kipande cha uwanja kisichotosha hata kupiga krosi.

Mwanangu alinisomea kisa cha chuo kimoja cha Texas, Marekani, kiitwacho Prairie View A&M. Mpira wao ni ule wa Kimarekani, wa kubeba mkononi, lakini yaliyowapata yananihusu. Kati ya 1989 na 1998 walipoteza mechi 80 mfululizo. Katika miaka hiyo mambo ya fedha yaliharibika, timu ikasimamishwa msimu mzima wa 1990, na iliporudi wachezaji hawakuwa tena na ufadhili wa masomo, huku wapinzani wao wakiwa nao. Wangeweza kuifuta kabisa. Hawakuifuta, na Septemba 1998 wakawashinda Langston 14 kwa 12. Mwaka wa 2009 wakawa mabingwa wa ligi yao. Sisi tumepoteza msimu mmoja tu, jamani, na sababu yake inajulikana.

Tena tuko Mombasa. Marehemu baba yangu alikuwa hachoki kutusimulia Feisal, timu ya mji huu, ilivyotwaa ubingwa wa taifa mwaka wa 1965. Bandari, timu nyingine ya hapa, imebeba ngao ya taifa 2015 na tena 2019. Kijana wa miaka kumi na tisa aliyekwisha kutoka shule ya upili ataonekana wapi na makocha wa timu kama hiyo, ikiwa chuo kinamfungia mlango wa ligi ya kaunti? Wenye pesa watawapeleka watoto wao akademia. Wa kwangu ana chuo tu.

Ninayoomba si makubwa. Wachezaji watafutiwe nafasi za mafunzo ya kazini hapa mjini, Kilindini, Shimanzi au Changamwe, na waajiri waombwe kwa barua kuwaachilia Jumamosi mchana. Wasajiliwe wachezaji wa kutosha wa kozi mbalimbali, ili wa umeme wakiondoka wa uhasibu wawepo. Nauli ya mechi za Agosti itengwe mapema katika bajeti ya michezo, ambayo kila mwanafunzi anaichangia katika karo. Na kokoto ziondolewe.

Bodi ikikutana, nahodha na kocha waitwe ndani, wasikizwe kabla ya uamuzi, wasiletewe barua. Ni nani alitoka lini, akaenda wapi na jezi yake akavaa nani, yote nimeyaandika katika daftari langu la vipimo. Nitalileta bodi ikiniita.

Mama wa golikipa,
Majengo, Mombasa