Mwanangu, kabla hujavaa jezi ya taifa

Mwanangu mpendwa,

Mashirikisho mawili ya soka yanakutaka, na kila upande unakuambia ufuate moyo. Ufuate, ila anzia kwenye karatasi, kwa sababu kanuni za FIFA hazimuulizi mtu moyo wake uko wapi.

Mechi ya kirafiki haikufungi. Diego Costa aliichezea Brazil mechi 2 za kirafiki mwaka 2013, kisha akavaa jezi ya Hispania. Kinachofunga ni mechi ya mashindano, iwe ya vijana au ya wakubwa, hata ukiingia dakika za mwisho. Munir El Haddadi aliingizwa dakika ya 77 Hispania ilipocheza na Macedonia kufuzu Euro, Septemba 2014. Hizo dakika kumi na kitu zilimzuia kuichezea Moroko kwa zaidi ya miaka 6, mpaka kanuni zilipolegezwa mwaka 2020. Kwa hiyo kocha akikuingiza dakika ya 88 katika mechi ya kufuzu, huku timu inaongoza kwa mabao manne, jiulize kama anakupa nafasi au anakutia kamba mguuni.

Siku hizi aliyekwisha kucheza mechi ya mashindano na timu ya wakubwa anaweza kuhama mara moja tu. Mechi zake za wakubwa zisizidi 3, za kirafiki zikihesabiwa humohumo; ya mwisho ya mashindano awe ameicheza kabla ya kutimiza miaka 21; iwe imepita angalau miaka 3 tangu mechi yake ya mwisho ya wakubwa; na asiwe amekanyaga uwanja katika fainali za Kombe la Dunia wala za bara lake. Tena, siku alipocheza mechi yake ya kwanza ya mashindano awe tayari alikuwa raia wa nchi anayotaka kuhamia. Sharti hili la mwisho ndilo linaloniumiza kichwa juu yako, kwa kuwa halirekebishiki ukishachelewa.

Ukishachagua, siasa itakufuata. Mei 2018, wiki 6 kabla ya uchaguzi wa Uturuki, Mesut Özil na İlkay Gündoğan, wachezaji wa Ujerumani wenye asili ya Uturuki, wote wazaliwa wa Gelsenkirchen, walipigwa picha na Rais Erdoğan wa Uturuki mjini London, wakimkabidhi jezi zao. Chama chake kikaisambaza. Gündoğan alieleza upande wake mapema. Özil alinyamaza zaidi ya miezi miwili. Ujerumani ikatolewa kwenye makundi ya Kombe la Dunia, ikifungwa 2-0 na Korea Kusini, na lawama ya kikosi kizima ikamwelemea mtu mmoja. Özil alipojiuzulu timu ya taifa Julai, akiwa na mechi 92 na Kombe la Dunia la 2014, alisema kwamba yeye ni Mjerumani wakishinda na mhamiaji wakishindwa. Alionewa, na sitaki uamini kwamba kunyamaza kwake ndiko kulikohalalisha matusi. Lakini wewe, ukialikwa na mwanasiasa, uliza kwanza kuna uchaguzi lini, nani anapiga picha na itatumwa wapi. Jezi yenye saini yako usimkabidhi mtu mbele ya kamera.

Chunga na mikono yako. Juni 22, 2018, Kaliningrad, Granit Xhaka, mtoto wa Waalbania wa Kosovo, aliisawazishia Uswisi dhidi ya Serbia, akapishanisha viganja kifuani, vidole gumba vikishikana na vingine vikipepea kama mabawa: tai mwenye vichwa viwili wa bendera ya Albania. Shaqiri, mzaliwa wa Kosovo, alifunga la ushindi naye akafanya hivyohivyo. FIFA iliwatoza faranga 10,000 kila mmoja. Baba yake Xhaka alifungwa zaidi ya miaka 3 katika Yugoslavia kwa sababu ya siasa, basi siwezi kumwambia kijana yule asisikie uchungu. Nakwambia tu kwamba ishara ya sekunde 3 ilizungumzwa kuliko bao lenyewe. Breel Embolo, mzaliwa wa Yaoundé, alipoifungia Uswisi dhidi ya Kameruni mwaka 2022, alisimama akainua mikono, hakushangilia. Amua yako sasa, maana ukishafunga huna nafasi ya kufikiri.

Matusi yatakuja siku ya kosa. Katika Kombe la Dunia la 2018, Jimmy Durmaz wa Uswidi alicheza rafu moja, Kroos akaifungia Ujerumani kwa mpira wa adhabu dakika ya 95, na mitandao ikamgeukia yeye na asili ya wazazi wake. Kesho yake alisoma tamko lake huku kikosi chote kimesimama nyuma yake. Hilo ndilo la kuliulizia shirikisho kabla hujakubali mwito: nani atasimama nami, nani atatoa tamko, na ndani ya saa ngapi? Akaunti zako akabidhiwe mtu mwingine usiku wa mechi. Vitisho avihifadhi kwa picha za skrini, tarehe na jina la akaunti vikionekana, ndipo aripoti. Kinachofutwa kabla ya kuhifadhiwa polisi hawana pa kuanzia.

Nimeambatanisha vyeti vya kuzaliwa, cha babu yako na changu, pamoja na fomu ya pasipoti ya pili. Ijaze wiki hii, na mwito wa mashindano usiujibu mpaka pasipoti iwe mkononi.

Mama yako