Chunyu kwenye picha: kwa nini kazi yako inachukua wiki tatu

Wateja wetu wa hapa Mtwara wakileta oda, swali la kwanza ni lile lile: mbona wiki tatu? Wameshaona fundi wa mabango akimaliza kazi kwa siku moja. Wana haki ya kuuliza, na sehemu kubwa ya jibu iko kwenye mchanga.

Picha zetu si rangi tupu. Juu ya turubai tunabandika vipande vya kanga, nyuzi za nyavu chakavu na mchanga wa ufukweni, ndipo rangi ya akriliki ipite juu yake. Picha ya kwanza tuliyouza, mchanga wake hatukuuosha. Ilikaa vizuri kiangazi chote. Mvua za Desemba zilipoanza, chumvi ikavuta unyevu, na bahari tuliyoichora ikatoka chunyu nyeupe kama mgongo wa mtoto aliyetoka kuogelea. Rangi ikaanza kubanduka. Tulimrudishia mteja pesa zake zote.

Sasa mchanga tunauosha kwa maji ya bomba, ndoo baada ya ndoo, mpaka tukionja maji ya mwisho ulimi usisikie chumvi. Unaanikwa siku mbili, unachekechwa. Laini unakwenda kwenye anga; wenye chenga tunauweka kwenye kuta za mawe ya matumbawe, kama za nyumba za kale za Mikindani.

Kanga nayo inafuliwa mpaka iache kuchuja. Tunaibandika kwa gundi nyeupe ya mbao, brashi ikianzia katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Juzi dada mmoja alituletea kanga ya marehemu bibi yake, imefifia, pindo limechanika. Tulikata kwenye mji tu, ile sehemu ya katikati. Jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, tuliliacha zima, tukalining'iniza kwenye kamba ya nguo ndani ya picha ya ua wao, bila kulipitishia rangi hata tone. Kwa hiyo ukituletea kanga, tuambie mapema ni sehemu gani isiguswe na mkasi.

Wengine wanaomba rangi ya mafuta inayong'aa, kama ya Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru. Yeye alichora juu ya hadibodi, na ubao ule hauchezi. Turubai hulegea na kukaza hewa ikibadilika, na rangi ile ikishakuwa ngumu hupasuka. Akriliki hunyumbulika nayo.

Kila tabaka linakauka kivulini. Tukiianika juani, ngozi ya juu inawahi kukauka kuliko ndani, na nyufa zinaanzia hapo. Msimu wa mvua tuongezee wiki moja.

Ukifika nayo nyumbani, usiitundike kwenye ukuta unaotoa unyevu wala mkabala na dirisha la baharini. Vumbi lipanguse kwa brashi laini iliyo kavu. Kitambaa chenye maji kitanasa kwenye mchanga.